Rangi haina kamusi: kuzisoma hisia katika picha za sura za ekspreshonizimu

Bandiko la 1. Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Nimekuwa nikifuatilia mijadala ya uchoraji kwa muda mrefu, na kila inapowekwa picha ya mtu mwenye uso wa kijani au shavu la buluu, maelezo yanayofuata huwa ni yale yale: nyekundu ni hasira, buluu ni huzuni, manjano ni furaha, nyeusi ni kifo. Mtu huitaja rangi, akaitafutia hisia yake, na picha ikahesabika kuwa imekwisha kusomwa. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini njia hiyo inatunyima sehemu kubwa ya kile ambacho wachoraji wa ekspreshonizimu walikihangaikia, na kwa sababu mimi mwenyewe niliifuata kwa miaka kadhaa ya kujifunza kwangu bila kufika popote.

Hoja yangu ni hii. Katika picha ya sura ya ekspreshonizimu, hisia haikai ndani ya rangi moja moja kama maana inavyokaa mbele ya neno katika kamusi. Inazaliwa pale rangi mbili zinapokutana, na inazaliwa pia pale rangi iliyopakwa inapoachana na ile ambayo jicho lilitarajia kuiona kwenye ngozi ya mtu.

Kwa wasiozoea jina lenyewe, ekspreshonizimu ni mwelekeo uliochipuka hasa Ujerumani na Austria mwanzoni mwa karne ya 20, wa wachoraji waliotaka picha itoe kilichomo moyoni kabla ya kunakili kilichopo mbele ya macho. Kundi la Die Brücke, yaani Daraja, lilianzishwa Dresden tarehe 7 Juni 1905 na wanafunzi wanne wa usanifu majengo: Ernst Ludwig Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl. Mjini Munich, mwaka 1911, Wassily Kandinsky na Franz Marc wakaunda Der Blaue Reiter, Mpanda Farasi wa Buluu. Vienna walikuwapo Oskar Kokoschka na Egon Schiele. Nyuma yao wote wamesimama Vincent van Gogh na Edvard Munch, na kando yao yupo Henri Matisse wa Ufaransa, ambaye kwa kawaida hawekwi katika orodha ya ekspreshonizimu, lakini bila yeye sitaweza kueleza ninachotaka kueleza.

Kabla ya kuingia kwenye picha, nitaje jambo moja la lugha yetu, kwa kuwa linatusaidia kuona. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazobeba viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya zilizobaki tumezichukua kutoka kwenye vitu. Kijani ni majani, manjano ni kiungo cha jikoni, kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu. Kwa hiyo tunaposema uso wa kijani tumekwisha kusema uso wa majani, na lugha yenyewe inatukumbusha kwamba rangi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si uso. Wachoraji ninaowazungumzia walifanya kazi ya kuibandua rangi kutoka kwa mwenyewe huyo ili iwe huru kufanya kazi nyingine.

Wakati huohuo, lugha hiyohiyo inakubali kwamba hisia hubadilisha rangi ya uso. Tunasema mtu amepauka, amesawajika, amegeuka rangi. Hakuna anayeeleza ni rangi gani aliyogeukia, na hakuna anayeuliza. Kinachotajwa ni ule mwachano kati ya uso tunaoujua na uso tunaouona sasa. Naomba msomaji auweke mwachano huo akilini, kwa sababu nitaurudia.

Bandiko la 2. Mwanzisha uzi (inaendelea)

Nianze na picha ndogo ya sentimita 40.5 kwa 32.5 ambayo imo katika Statens Museum for Kunst, Copenhagen. Matisse aliichora mwaka 1905, mkewe Amélie akiwa ndiye amekaa mbele yake, na imezoeleka kuitwa Mstari wa Kijani. Mstari wenyewe unaanzia kwenye nywele, unapita katikati ya paji na kushuka juu ya pua. Upande mmoja wa uso una manjano yenye ubaridi, upande mwingine una waridi yenye joto.

Ukifuata kamusi ya rangi, utauliza kijani maana yake nini, na utakwama, kwa sababu mwanamke huyu haonekani mgonjwa wala mwenye kinyongo. Amekaa wima, ametulia, na kuna umbali fulani kati yake na anayemtazama. Sasa ziba mstari ule kwa ncha ya kidole. Nusu mbili za uso zinaachana mara moja, kama milango miwili isiyo na bawaba, na ule utulivu unatoweka. Ondoa kidole, naye anarudi kuwa mtu mmoja.

Kilichotokea ni kwamba kwa karne nyingi mchoraji wa sura aliugawa uso kwa mwanga na kivuli, na kivuli kilikuwa ni ngozi ileile iliyotiwa giza, mara nyingi kwa kahawia. Matisse aliugawa kwa joto na baridi. Mahali ambapo mwanga unakutana na kivuli aliweka kijani, rangi ambayo upande mmoja inapatana na manjano kama ndugu, na upande wa pili inashindana na waridi. Ile hali ya Amélie ya kuwa karibu na kuwa mbali kwa wakati mmoja haimo ndani ya kijani. Imo katika kupatana huko kwa upande mmoja na kushindana kwa upande wa pili.

Anayetaka kulihakikisha hili hahitaji kanvasi wala rangi ya mafuta. Kata vipande viwili vidogo vya karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya karatasi nyekundu sana, cha pili juu ya kijani. Vitazame kwa muda bila kuhamisha macho. Kijivu kilicho juu ya nyekundu kitaelekea ukijani, na kile kilicho juu ya kijani kitaelekea wekundu, ilhali mkono wako ndio uliovikata kutoka karatasi ileile. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilikuta jambo hili kazini. Alikuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, na akapokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu. Alipozichunguza alikuta rangi yenyewe haina kasoro. Weusi ulidhoofishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na wachoraji wa nusu ya pili ya karne hiyo walikisoma kwa makini. Waliomfuata waligundua kwamba kinachoupata uzi mweusi kinaweza kuupata uso pia.

Bandiko la 3. Kanvasi Tupu

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na mfano wa karatasi ya kijivu nimeujaribu, ni kweli kabisa. Hata hivyo nina pingamizi. Kandinsky, ambaye umemtaja, aliandika kitabu kizima kilichotoka Desemba 1911 ambamo alizipa rangi tabia zake: manjano kwake ni rangi ya dunia, inayomsogelea mtazamaji na kumsumbua, buluu inarudi nyuma, inaita moyo kwenye kina na kwenye yasiyo na mwisho. Van Gogh naye, akieleza picha yake ya mkahawa wa usiku ya mwaka 1888, alimwandikia ndugu yake kwamba alitaka kuonyesha tamaa za kutisha za binadamu kwa nyekundu na kijani. Ikiwa wenyewe walikuwa na kamusi, sisi tunakosea wapi kuitumia?

Bandiko la 4. Mwanzisha uzi

Ndugu Kanvasi Tupu, pingamizi lako ni la haki, na sehemu yake naikubali. Sisemi kwamba rangi hazina tabia yoyote. Nyekundu nyingi ukutani humchangamsha au kumkera mtu kwa namna ambayo kijivu hakiwezi. Ninachokataa ni kuichukua tabia hiyo ya awali na kuifanya ndiyo maana ya picha.

Tazama tena maneno ya van Gogh uliyoyataja. Hakusema kwa nyekundu. Alisema kwa nyekundu na kijani, jozi ya rangi pinzani ambazo kila moja huifanya nyingine ionekane kali kuliko ilivyo. Na Kandinsky, katika kitabu hichohicho, alieleza kwamba umbo huibadilisha nguvu ya rangi: manjano hupata ukali zaidi ndani ya pembetatu, buluu huzama zaidi ndani ya duara. Hata yeye, mtu aliyekaribia kuandika kamusi kuliko wengine wote, hakuiacha rangi peke yake.

Nikupe mfano unaonishawishi kuliko yote. Agosti 1888 van Gogh alimweleza ndugu yake, Theo, picha aliyokusudia kumchora rafiki msanii. Alisema ataikuza rangi ya nywele zake nyepesi hadi zifikie rangi ya machungwa na limau iliyopauka, na badala ya ukuta wa kawaida wa chumba ataweka nyuma ya kichwa buluu nzito kuliko zote awezazo kuzitengeneza, ili kichwa kile king'ae kama nyota katika kina cha anga. Septemba alimchora Eugène Boch kwa mpango huo, na picha sasa imo Musée d'Orsay, Paris. Buluu ile si huzuni hata kidogo. Ni upana, ni mahali pa kuotea ndoto.

Kisha njoo Juni 1890, kwenye picha ya daktari Gachet akiwa ameegemeza kichwa kwenye ngumi. Hapa pia buluu imetawala, katika koti na katika mandhari ya nyuma. Lakini uso uliozungukwa na buluu hiyo umepauka na kuchoka, hauna limau wala machungwa ya kuwaka, na chini yake imewekwa meza nyekundu inayoufanya upaukaji huo uonekane zaidi. Mchoraji ni yuleyule na rangi ni za ukoo mmoja, ila moyo wa picha umegeuka kabisa. Mwenye kamusi itambidi aandike mbele ya buluu maana mbili zinazopingana, na hapo kamusi itakuwa imekoma kumsaidia.

Bandiko la 5. Mwanzisha uzi

Naendelea na jozi nyingine, kwa sababu hapa mtu aliyechorwa ni mmoja na wachoraji ni wawili. Picha zote mbili zimo katika jumba la Lenbachhaus, Munich.

Marianne von Werefkin alizaliwa Urusi mwaka 1860. Alikwenda Munich mwaka 1896 pamoja na mchoraji Alexej von Jawlensky, na kwa takriban miaka kumi aliweka brashi chini ili kuitegemeza kazi ya mwenzake. Mwaka 1909, alipokuwa amekwisha kurudi kwenye uchoraji, rafiki yake Gabriele Münter alimchora: kofia pana iliyojaa maua, skafu ya zambarau, kichwa kimegeuka kutazama juu ya bega, na nyuma yake manjano tupu. Zambarau na manjano ni pinzani, na Münter aliziachia zikabiliane kwa mapande makubwa yasiyo na mtetemeko. Ndiyo maana mwanamke huyu anaonekana ameijaza picha yote. Joto linalotoka kwake ni la mtu anayeingia chumbani na watu wakageuka kumtazama.

Karibu mwaka mmoja baadaye, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, Werefkin alijichora mwenyewe. Macho ni mekundu. Naomba tuwe waangalifu hapa, kwa sababu kwetu macho mekundu ni ya aliyelia, asiyelala, au mkali. Katika picha hii wekundu hauko kwenye weupe wa jicho, mahali ambapo kilio huuweka. Uko kwenye duara lenyewe la jicho, mahali ambapo mtu hana wekundu kamwe. Huo ndio mwachano niliouomba muuweke akilini. Na kuzunguka uso amepaka miguso ya haraka ya rangi za baridi, za buluu na kijani, ambazo zinausukuma ule wekundu mbele mpaka unaonekana kama makaa yanayopulizwa. Kama angezungusha kahawia, rangi iliyo karibu na nyekundu kwa joto, macho yaleyale yangeonekana ya mtu mwenye maradhi tu.

Mimi huona katika picha ya Münter namna rafiki anavyompokea mtu, na katika ile ya pili namna mtu anavyojikabili baada ya miaka kumi ya kujinyima. Wengine wanaweza kuona jingine. Ila nadhani sote tutakubaliana kwamba tofauti hiyo haikuletwa na mdomo wala nyusi, maana nyuso zote mbili zina mwonekano uliokaribiana. Imeletwa na majirani wa kila rangi.

Bandiko la 6. Msomaji wa Pembeni

Naomba nichangie kwa swali gumu kidogo. Umeeleza habari za Werefkin kuacha kuchora kwa miaka kumi, kisha ukaona kujinyima machoni mwake. Je, kama hatungejua maisha yake tungeona hivyo? Nahofia kwamba tunasoma kwanza historia ya mtu, kisha tunaibandika kwenye rangi na kusema rangi ndiyo iliyotuambia. Ningependa mfano ambao rangi inasema jambo kabla ya historia.

Bandiko la 7. Mwanzisha uzi

Hofu yako ni ya kweli, na katika mfano wa Werefkin nakubali kwamba neno kujinyima nimelitoa kwenye maisha yake. Picha peke yake ingenipa ukali na kujikabili, si zaidi. Nijaribu kwa mfano mwingine, safari hii nikianza na kinachoonekana, na historia nikiiweka nyuma.

Ni picha ya sentimita 69 kwa 61 iliyomo Allen Memorial Art Museum, Oberlin, Marekani. Mwanamume amevaa sare ya buluu iliyokolea, sigara inaning'inia mdomoni. Uso ni mrefu, mkavu, umeelekea umanjano, na macho hayana mboni. Nyuma yake amesimama mwanamke uchi, na tunatambua kwamba tumo ndani ya chumba cha mchoraji. Sare ina mapambo mekundu, na begani imeandikwa 75. Kisha jicho linashuka hadi kwenye mkono wa kulia ulioinuliwa, na kumbe hauna kiganja. Ni kigutu, na pale ulipokatwa pana wekundu mbichi.

Hebu ufuate wekundu peke yake, bila kujua chochote. Unauona kwanza kwenye nguo, ukiwa pambo, ukiwa nadhifu, ukiwa sehemu ya heshima ya sare. Halafu unauona kwenye nyama. Jicho haliwezi kuzuia kuviunganisha viwili hivyo, kwa kuwa kila kitu kingine karibu nao ni baridi au kimepauka. Pambo na jeraha vimekuwa vya rangi moja. Hilo limesemwa na rangi, na limesemwa kabla hujauliza huyu ni nani. Na uso ule wa kimanjano, ukikaa juu ya buluu iliyokolea, unapoteza hata damu kidogo ambayo ungeweza kuwa nayo, maana buluu huukuza umanjano wa kilicho kando yake. Kama sare ingekuwa ya kahawia, mtu huyu angeonekana mchovu tu. Juu ya buluu hii anaonekana kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Sasa historia. Huyo ni Kirchner mwenyewe, mwaka 1915, na picha inaitwa Picha ya Nafsi kama Askari. Alikuwa ameingia jeshini katika kikosi cha 75 cha mizinga, akavunjika moyo na akili akiwa bado katika mafunzo, akaachiliwa mwaka huohuo. Mkono wake halisi haukukatwa. Alichora hofu ya mchoraji, kwamba atakachopoteza vitani ni kile kinachoshika brashi. Historia imetueleza kwa nini, na inatia uchungu zaidi, lakini uhusiano wa nyekundu na nyekundu tulikuwa tumeuona tayari.

Niongeze jambo moja ambalo siwezi kulipita. Tarehe 18 Julai 1937, akifungua jumba la sanaa la utawala wake mjini Munich, Hitler aliwashambulia wachoraji wanaodai kuona majani ya buluu, mbingu za kijani na mawingu ya manjano ya kiberiti, akawaita ama wagonjwa wa macho ama wahalifu. Siku iliyofuata yalifunguliwa maonyesho ya kile kilichoitwa sanaa iliyooza, na picha hii ya askari ilikuwa miongoni mwa zilizotundikwa ili zidharauliwe. Zaidi ya kazi 600 za Kirchner ziliondolewa katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani. Tarehe 15 Juni 1938, karibu na Davos, Uswisi, alijitoa uhai. Ninalitaja hili kwa sababu shambulio lile lililenga pale pale tunapozungumzia: kwamba rangi lazima ibaki kwa mwenyewe, na anayeibandua ana kasoro. Watawala wale walielewa kwamba mchoraji anayeuachia moyo wake upange rangi ya uso hawezi kuamrishwa aone nini.

Bandiko la 8. Brashi Bapa

Ndugu, mimi ninajifunza kuchora na nina tatizo la vitendo. Kila ninapoweka kijani au buluu usoni mwa mtu, matokeo ni kama uchafu au ukungu. Watu wa nyumbani huniuliza kama niliyemchora anaumwa. Nikitazama kazi za hawa waliotajwa, kijani kimejaa usoni na bado mtu ni hai. Kosa langu liko wapi?

Bandiko la 9. Mwanzisha uzi

Ndugu Brashi Bapa, nitakujibu kwa kazi yangu mwenyewe, kwa kuwa kosa hilo nililifanya kwa ukamilifu.

Nilimchora kaka yangu mkubwa asubuhi moja baada ya usiku ambao hakulala, alikuwa akimuuguza mtoto. Nilitaka uchovu ule uonekane, lakini nilitaka pia upole wake uwepo, kwa sababu alikuwa amechoka bila kukasirika. Nilikuwa nimesoma kwamba kijani ni rangi ya kufifia, basi nikapaka kijani chini ya shavu. Kikakaa pale kama kipande cha mkate kilichoota ukungu. Niliifuta na kuirudia mara tatu.

Kosa la kwanza lilikuwa la mwanga na giza. Kijani nilichokichanganya kilikuwa chepesi kuliko kivuli kinachotakiwa mahali pale, hivyo shavu lilitokeza nje badala ya kuingia ndani. Hapa kuna kipimo kizuri: piga picha kazi yako kwa simu, kisha iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Ikiwa uso bado umesimama, pua ni pua na tundu la jicho limeingia, basi una uhuru wa kuweka rangi yoyote juu ya mifupa hiyo. Ikiwa umebomoka, tatizo si rangi uliyochagua, ni uzito wake. Ukiyafanyia hivyo baadhi ya mapicha makali ya Matisse au Jawlensky utashangaa jinsi yalivyo na nidhamu.

Kosa la pili ni kwamba kijani changu kilikuwa kimetokea mahali pamoja tu. Rangi ngeni ikiwa peke yake usoni husomeka kama doa. Nilipoirudia kwa kiasi kidogo kwenye mkunjo wa kola, nyuma ya sikio, na kwenye ukuta karibu na bega, ikaacha kuwa doa ikawa hewa ya chumba kile.

Na uchovu wenyewe, nilioutafuta kwenye shavu kwa mara zote tatu, ulikuja mwishoni kutoka mahali nisipopatarajia. Niliweka mstari mwembamba wa waridi baridi kwenye ukingo wa kope ya chini, upana wa unywele, ukigusana na kijani kilicho chini yake. Rangi mbili hizo zilipogusana ukingo ule ulitetemeka, na jicho likawa na unyevu. Shavu sikuligusa tena. Mama alipoiona picha hakusema lolote kuhusu kijani. Aliuliza kama mtoto alipata nafuu.

Bandiko la 10. Kanvasi Tupu

Nimeanza kukubaliana nawe, ingawa bado nina neno moja. Ikiwa kila kitu kinategemea rangi iliyo jirani, basi kuna hatari mbili. Sisi wengi tunaziona picha hizi kwenye skrini, na kila skrini ina rangi zake. Pili, rangi zenyewe huzeeka. Je, tunachokisoma ni hisia ya mchoraji au ya kemia?

Bandiko la 11. Mwanzisha uzi

Umegusa mahali panaponiuma. Kwa upande wa skrini, ushauri wangu ni kulinganisha nakala mbili au tatu za picha moja na kuamini uhusiano zaidi kuliko rangi yenyewe. Skrini moja inaweza kuifanya waridi iwe nzito kuliko nyingine, lakini mara nyingi itaibadilisha na kijani cha jirani pia, na mvutano kati yao hubaki. Vipimo vya picha navyo hupotea: kazi ya sentimita 40 na kazi ya mita 2 huonekana sawa kwenye simu.

Kwa upande wa kuzeeka, van Gogh ndiye mfano ulio wazi zaidi. Alitumia nyekundu iliyotengenezwa kwa rangi za kiwandani za wakati wake, ambayo haistahimili mwanga. Kuta za chumba chake cha kulala, alichokichora mwaka 1888, mwenyewe alizieleza kwenye barua kuwa zambarau iliyopauka. Leo tunaziona buluu, kwa sababu wekundu uliokuwa ndani ya zambarau ile umetoweka. Mawaridi yake ya mwaka 1890 yaliyomo Metropolitan Museum, New York, yalikuwa na waridi na sasa karibu yote ni meupe. Manjano ya kromu nayo, katika baadhi ya kazi zake, yameelekea ukahawia. Alijua kwamba hilo lingetokea. Aliandika kwamba picha hufifia kama maua.

Kwa hiyo kuna watu wameandika kurasa nzima kuhusu utulivu wa buluu katika kuta zile, ilhali mchoraji aliweka zambarau dhidi ya manjano ya kitanda, jozi ileile ya pinzani ambayo Münter aliitumia kwa Werefkin. Anayesoma kwa kamusi anapotea hapo kabisa, kwa kuwa neno lenyewe limebadilika kwenye ukurasa. Anayesoma kwa ujirani ana nafasi ya kushuku, maana ataona kwamba manjano ya kitanda imekosa mshindani na atauliza ameenda wapi.

Bandiko la 12. Msomaji wa Pembeni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ukitakiwa kumpa mtu asiyewahi kuzitazama picha hizi moja tu ya kuanzia, ungempa ipi?

Bandiko la 13. Mwanzisha uzi

Ningempa picha ya Alexander Sakharoff iliyochorwa na Jawlensky mwaka 1909, nayo imo Lenbachhaus. Sakharoff alikuwa mcheza dansi, na jioni moja kabla ya onyesho alipita kwa Jawlensky akiwa tayari amevaa na kujipaka kwa ajili ya jukwaa: vazi jekundu, uso mweupe kwa poda, midomo iliyokolezwa, macho yaliyozungushiwa weusi. Inasimuliwa kwamba Jawlensky alimaliza kazi katika muda usiofika nusu saa.

Nimeichagua kwa sababu rangi zake ni chache na mtu anaweza kuzifuata zote bila msaada. Ni nyekundu moja kubwa, na weupe wa uso unaoikabili. Anza kwenye vazi, panda hadi shingoni, halafu tazama jinsi wekundu uleule unavyojitokeza tena kwenye midomo, ukiwa mdogo sana na umezingirwa na weupe pande zote. Katika vazi nyekundu ile ni ya kujionyesha. Katika midomo, umbali wa kiganja tu kutoka hapo, imekuwa siri. Mtu anayeanza akiweza kueleza kwa maneno yake ni nini kilichobadilika kati ya sehemu hizo mbili, ilhali nyekundu haikubadilika, atakuwa tayari kwa Kirchner.

Sakharoff mwenyewe aliiondoa picha hiyo rangi ikiwa bado mbichi, kwa hofu kwamba Jawlensky, akibaki nayo, angerudi kuipaka upya.